Filimbi Niliyoikabidhi

Kikao kiliitwa saa nane, kikaanza saa tisa na robo,
darasa la tatu B, Makorora,
wazazi wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto,
magoti kidevuni,
ubaoni hesabu ya kugawanya haijafutwa.

Ajenda ilikuwa moja: kambi ya Amboni.
Zikazaliwa saba.
Nani alinunua turubai. Nani alikula chenji ya mchele.
Kwa nini mtoto wa Bi Mwanamkasi ashike bendera
na wa Shemhilu abebe sufuria,
ilhali turubai ni la Shemhilu,
lina hata jina lake pembeni, kwa rangi ya mlango.

Mimi silipwi hapa. Nilisema hivyo.
Nilisema mara tatu, na mara ya tatu
nikaisikia sauti yangu inadai kitu.
Skafu thelathini na mbili, cherehani yangu, uzi wangu,
nikazihesabu mbele za watu kama mwenye duka.

Shemhilu akasimama, dawati likanyanyuka naye.
Watu wakacheka; yeye hakucheka.
"Mwasiti," akasema. Si Kiongozi, si Dada. Mwasiti tu.
"Watoto wetu umewafanya wako."

Nikavua filimbi shingoni,
ina alama za meno yangu ya miaka sita,
nikaiweka juu ya daftari la mahudhurio.
"Haya. Jumamosi, saa mbili. Usichelewe."
Nikatoka nikijua nimefanya ubaya
uliovaa nguo za ustaarabu.

Jumamosi nilikwenda, bila sare,
nikasimama nje ya ua wa michongoma,
najifanya mnyororo wa baiskeli umetoka.
Nilikuja kumwona anashindwa.
Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akapuliza. Mpulizo mrefu, wa refa.
Kwetu mrefu maana yake hatari, lala chini.
Wakalala, thelathini na wawili, vumbini,
na soksi zao nyeupe.
Nilicheka mpaka mnyororo ukatoka kweli.

Kisha nikaacha.
Maana naye alilala, tumbo lote, shati la pasi,
akamwuliza mwanawe kwa sauti ndogo,
"Sasa tunafanyaje?"
Na Ayubu, ambaye miezi minane kwangu
hajavuka "ndiyo, Kiongozi",
akamweleza. Akamweleza yote.

Halafu zikaja kamba.
Baba yake Shemhilu alikata mkonge Ngomeni;
kumbe mwana alikulia kando ya korona, kumbe anajua
kusokota nyuzi juu ya paja,
kutia mate, kuvuta, kusikiliza.
Mimi niliwafundisha mafundo ya kitabuni.
Yeye akawaonyesha kamba inakotoka.
"Kamba hukatikia pabovu," aliwaambia,
"basi pabovu ndipo pa kupashika kwanza."

Hilo ningelisema mimi. Hilo lingekuwa langu.

Bi Mwanamkasi akapita na beseni la mihogo,
akaniona, mikono grisi tupu,
akanyamaza kwa adabu, kisha adabu ikamshinda:
"Ingia basi. Au wangoja kadi ya mwaliko?"

Sikuingia.
Nilirudi Barabara ya Kumi na Nane
nikakuta skafu moja haijapindwa,
ya mtoto mpya, jina lake silijui.
Nikaipinda kwa uzi mwekundu,
ndio uliobaki.

Jumatatu usiku Ayubu akabisha hodi,
filimbi mkononi.
"Baba anauliza, fupi, fupi, ndefu maana yake nini?"
"Amekutuma unirudishie?"
"Hapana. Anauliza tu. Amesema nirudi nayo."

Nikampulizia pale mlangoni,
fupi, fupi, ndefu: wote njooni.
Mbwa wa jirani akaitika.
Na ulimi wangu ukapapasa, kwenye plastiki,
karibu na alama zangu za zamani,
jino jipya.