Kamba ya Nguo

Hapa Kash, kaburi liko katikati ya mtaa:
jiwe la watu wa Likia,
kifuniko chake mgongo wa mashua iliyopinduliwa.
Bi Nurten amefunga kamba hapo,
ncha moja kwenye pembe ya kaburi, nyingine rosheni.
Mashuka ya wageni yanapunga upepo.

"Miaka thelathini," asema, kibanio mdomoni,
"hajanilalamikia hata siku moja.
Nipate wapi mpangaji kama huyu?"

Asubuhi nilishuka ufukweni.
Kokoto zilinitembeza kama kuku aliyefungwa miguu.
Maji maangavu, baridi ya kuuma meno,
hata nikakiona kivuli changu
kikitambaa juu ya ngazi za nyumba iliyozama,
ngazi zinazoteremka
wala hazimfikishi mtu.

Nikarudi na chumvi kwenye nyusi.
Akanipa tini mbili, na taulo
lenye harufu ya zaatari ya mlimani.
Nikamuuliza: kazikwa nani humu?
Akalitazama jiwe. Akatazama wingu.

"Shika ncha ile. Mvua hiyo."

Tukaanua.
Kamba ilikuwa imelila jiwe,
mstari mmoja, mwembamba,
chini ya maandishi asiyoyajua kuyasoma.