Pindo

Sare ya Minza iko mezani tangu Jumapili,
pindo limeshikwa na pini.
Nimeshonea watoto wa Kitangiri nzima;
kwa ya wangu mkono unasita.

Nilikwenda kuchungulia darasa la kwanza:
watoto mia moja na kumi na wawili,
wa nyuma sakafuni,
mwalimu mmoja, saa nne tu sauti imemkauka.
Na Minza hukwama kwenye m,
mlangoni pa jina lake mwenyewe.
Nani kule atamngoja aingie?

Bibi Leokadia humngoja.
Mstaafu, miwani imefungwa uzi,
elfu tatu kwa saa, na chai.
Hapa, kati ya mkasi na chaki ya kitambaa,
mtoto amesoma ukurasa mzima wa sangara na furu
bila mtu kucheka.
Baba yake akasema kwenye simu, yuko Ukerewe:
"Basi, abaki hapo hapo."
Nikakubali. Nikaikunja sare.

Jana jioni naanua nguo nyuma ya nyumba,
namwona juu ya jiwe, kashika rula yangu,
anaita mahudhurio.
"Nkwimba!"
Kimya.
"Mugeta!"
Mjusi akatikisa kichwa, akaenda zake.
"M-m-m... Minza!"
Akateremka upesi,
akasimama chini, mikono nyuma,
akalijibu jiwe tupu:
"Nipo."

Usiku nimechomoa pini.
Pindo nimeliacha pana,
la kuteremsha akirefuka,
au la kufumua, ikibidi.
Bibi Leokadia nimemwomba
aje Jumamosi.