Ndoo

Saa saba za usiku, Ganjoni, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la betri za magari.
Kiyoyozi kinadondosha maji tangu Jumatatu;
tumekitegea ndoo ya rangi, iliyobaki walipopaka ngazi.
Tone. Kimya. Tone.
Asubuhi saa mbili mizani ya Changamwe inafunguliwa
na programu yetu ndani yake,
na programu yetu inakufa.

Haiugui kwanza. Haitoi onyo.
Lori la kwanza linapanda: tani ishirini na sita, sawa.
La pili, sawa.
La tatu, skrini nyeusi, tii.

Kwangu haifi. Hilo ndilo linaloniudhi.
Kwenye mashine yangu imepima malori elfu moja ya kubuni
bila kupiga chafya.
Inafia kwenye hii tu, kompyuta ya karani Mbaruku,
tuliyoibeba kwa tuktuk, imefungwa kanga isilowe.

Ndani mna lugha mbili.
Ya chini ni Si: kavu, ya mkato, haisemi tafadhali.
Aliiandika Shekue kabla hajahamia Doha,
akaacha maneno mawili juu yake: PASIGUSWE HAPA.
Ya juu ni Paithoni, yangu mimi,
inayopokea wageni na kuwaandikia risiti.
Kati yao nimesimamisha mkalimani,
mistari arubaini, kazi yake kupokea na kukabidhi.

Nimempekua mifuko.
Nimeuliza nani kaazima kumbukumbu, nani kairudisha,
nani kaondoka na ufunguo
wa chumba kilichokwisha kupangishwa.
Kila mmoja ana risiti. Kila mmoja msafi.

Wambua analeta viazi karai vilivyopoa,
ukwaju umemwagikia mfukoni.
Ili nisilie, ananisimulia siku yake ya kwanza mjini,
katoka Masii na begi moja,
na Bi Rukiya, mwenye nyumba, Kibokoni,
anamwita kutoka ukumbini:
"Ndoo, mwanangu, ndoo!"
Naye, mtoto mwenye adabu, akazunguka uani,
akafungua choo, akafungua stoo,
akarudi mbio na ndoo, tena kaijaza maji.
Bi Rukiya kashika sahani ya mahamri, anamtazama.
"Nimekwita wewe," akasema, "sikuyaita maji."

Nacheka hadi kiti kinagonga ukuta.
Kisha sicheki.

Shekue aliuita uzito "namba ndefu".
Ndefu kiasi gani?
Nahesabu kwa vidole, kama tulivyofunzwa
kuhesabu mizani ya shairi, skuli, Tononoka.
Kwenye mashine yangu, namba ndefu ni baiti nane.
Kwenye mashine ya Mbaruku, nne.
Na mkalimani wangu, mwenye adabu, husoma nane popote aendapo,
anameza uzito, anameza na kilicho jirani yake,
nusu ya saa, robo ya namba ya gari,
halafu anakwenda na fungu hilo
kubisha kwenye anwani isiyo na mlango.

Usiku kucha nilikuwa nikitafuta mwizi.
Palikuwa na mtu aliyeitwa, akaja na maji.

Nafuta neno moja. Naandika nane, waziwazi, pande zote mbili,
hata pale pasipoguswa.
Shekue atanisamehe au hatanisamehe, Doha ni mbali.
Malori ya kubuni yanapanda kwenye mashine ya Mbaruku.
La tatu.
La nne. La mia nne.
Siamini bado. Nayaacha yapande.

Kunguru wameanza kugombana juu ya bati la duka la betri.
Maji yamefika ukingoni;
tone lijalo litamwagikia nyaya.
"Wambua," nasema, "ndoo."
Anainuka, anasimama katikati ya chumba,
anautazama mkono wangu, anaitazama ndoo,
na kwa mara ya kwanza tangu aje mjini
anauliza, "Ipi?"