Wasiwasi Ndiyo Akili

Aliyeanza ni daktari wa meno.
Al-Khuwair, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
alinichungulia magego kwa kioo chake kidogo,
akauliza, kwa Kiarabu chake cha Kerala:
Usiku unatafuna nini?

Sitafuni kitu. Nalala.

Akanionyesha picha.
Magego yangu bapa, laini,
kama vijiwe vya wadi baada ya mafuriko mengi.

Nilicheka na ganzi mdomoni.
Njiani kurudi Mabela nikaegesha gari mara mbili
kuangalia simu ambayo haikulia.

Kwetu siitwi mgonjwa. Naitwa mwangalifu.
Mtungi wa gesi naufunga, nalala,
naamka, naugusa, nalala,
nasikia harufu isiyokuwepo.
Harith akichelewa dakika kumi kutoka Sohar
nimeshamwosha, nimeshamkafini,
nimeshachagua chumba cha kukalia eda,
ndipo anaingia na mfuko wa tende,
anauliza, chai ipo?
Nami namkaripia kwa kufufuka.

Mtoto akimwaga laban nalia.
Laban tu.
Mabega yamenipanda masikioni,
hayashuki hata kwenye sijda.
Saa tisa usiku macho makavu,
mchana nimechoka kama niliyebeba saruji,
na sikubeba ila mkoba.
Kitabu nasoma ukurasa mmoja
mara nne, bado mgeni.

Ghalya akaniletea zamzam. Nikanywa.
Akaniambia soma Falaki na Nasi. Nasoma.
Vikanituliza, kisha nikaanza kuwaza
kama nimezitamka sawa.

Bibi yetu Zuwena alikuwa akisema
wasiwasi ndiyo akili,
na yeye alikuwa na haki ya kusema:
alitoka Unguja na watoto wanne na begi moja,
usiku, kwa sababu alihofu, na hofu ikasema kweli.
Wasiwasi wake ulikuwa na anwani.
Ulibisha mlango mmoja, ukafunguliwa, ukaondoka.

Wangu hauna anwani.
Unabisha kila nyumba ya mtaa,
na kila nyumba nafungua mimi.

Kituo cha afya, muuguzi Shinuna,
Kiswahili chake cha Ibra, kizito, cha nyumbani,
karatasi gotini:
Tangu lini?
Tangu Idi ya kuchinja. Sasa Rajabu.
Na katika siku hizo, ngapi hukuwaza?

Nikatafuta. Nikarudi nyuma wiki kwa wiki
kama mtu anayetafuta hereni mchangani.
Nikaipata moja.
Siku hiyo nilikuwa na homa, nimelala kutwa.

Shinuna hakucheka.
Aliandika kitu, akakipigia mstari,
akasema lina jina, hili,
na jina lake si wewe.

Sikumwamini. Nimechukua miadi ya Jumanne,
na nimeshaogopa kuisahau.

Leo nimevaa kile kiplastiki cha daktari wa meno.
Kina ladha ya ndoo mpya.
Kiyoyozi kinakohoa, Harith anakoroma, yu hai.
Mtungi uko jikoni. Nimeufunga mara moja.
Kutoka kitandani ni hatua kumi na nne.
Nazijua zote.
Nimelala, nazihesabu,
miguu bado ndani ya shuka.