Herufi Yenye Mkia

Kishikwambi kilitoka shuleni, katika katoni ya vitu vya kutupwa,
kioo kina ufa mmoja pembeni, mwembamba kama unywele.
Kampuni ilishakifuta katika hesabu zake:
hakuna toleo jipya, hakuna kiraka, nunua kingine.
Hakikuwa na kosa ila umri.

Risten alikibeba hadi nyumbani Ohcejohka,
akakivua ngozi yake ya zamani usiku wa Desemba,
kule ambako mchana nao ni usiku,
akakitia Linux kwa waya mmoja na vikombe vinne vya kahawa.
Mara ya kwanza kiliwaka kichwa chini miguu juu.
Mara ya pili kiliwaka wima, ila bubu.
Mara ya tatu kikalia, ting,
naye akacheka peke yake jikoni; mbwa akainua sikio.

Si kiolesura cha kuringia watu.
Ukitelezesha kidole kutoka ukingoni, pazia hushuka kwa kusitasita,
kama mtu asiye na hakika kwamba ni yeye aliyeitwa.
Kibodi huchomoza na kufunika palepale unapotaka kuandika.
Lakini vitufe ni vipana,
na mikono ya Jovnna, babake, hutetemeka.

Miaka thelathini na minane Jovnna ameuandika mto:
tarehe, baridi, unene wa barafu ya Deatnu,
mahali pa kuvuka, mahali pa kuogopa.
Madaftari yamejaza kabati. Siku hizi kalamu humkimbia,
mistari yake imekuwa nyayo za ndege juu ya theluji.

Akaketi, akakipakata kishikwambi,
akaanza neno lake la kila siku: jiekŋa, barafu.
Katikati ya neno kidole kikabaki hewani.
Zilikuwepo herufi za Helsinki, za Oslo, za London,
zilikuwepo sura za manjano zinazocheka hadi machozi.
Hapakuwa na ŋ.

Wewe unayesoma hapa unaijua sauti hiyo.
Ndiyo inayong'ata mwanzoni mwa ng'ombe,
inayong'aa, inayong'oa, inayong'ang'ania;
sisi tumeipa n, na g, na kijialama kinachoning'inia,
wao wameipa n yenye mkia.

"Nitaandika n tu," mzee akasema. "Mto hautajali."

Risten hakujibu. Aliufungua msimbo,
kwa sababu ulikuwa unafunguka.
Jambo lenyewe lote ni hilo, dogo kiasi hicho:
mlango usio na komeo.
Akaikuta faili ya kibodi, kazi ya mtu asiyemjua,
na pembeni maneno: samahani, hapa nimekisia.
Akaongeza mstari: ukiibonyeza n ukangoja, iote mkia.
Akaongeza na đ, na ŧ, maadamu alikwishaingia.

Aliyeukagua mstari ni Jandira, wa Recife,
ambaye hajawahi kuona mto umesimama.
Aliuliza moja tu: herufi hii ni ya nini hasa?
Risten akaandika, akafuta, akaandika tena:
Ya barafu.
Siku tatu kimya. Kisha: Imekubaliwa.
Na chini yake: Leo ina unene gani?

Jovnna alivaa taa kichwani, akachukua keekee,
akaenda mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.
Aliporudi, ndevu zimeganda, alivua glavu kwa meno,
akabonyeza n, akangoja.
Kidole kikatetemeka; kibodi ikahesabu mara mbili: nn.
Akafuta. Akabonyeza. nnn.
Mara ya nne mkia ukaota.

"Kinaharakisha mno," alisema. "Kinadhani kila mtu ni kijana."

Risten alikwisha kuifungua faili tena,
akitafuta ile namba inayosema subira ni kiasi gani,
wakati babake, nyuma yake, anaandika polepole:
sentimita arobaini na moja.
Upande wa kaskazini wa kisiwa, msipite.