Chini ya Bafu, Mérida

Bomba lilipasuka chini ya bafu la shangazi Obdulia
Jumanne, vyombo vikiwa bado na povu.
Nikaja na sururu, koleo, na mkate wenye soseji,
nikidhani jioni nitakuwa nimenawa.

Futi ya kwanza ni saruji ya marehemu mumewe,
Baldomero, bahili wa mchanga, mkarimu wa matusi.
Futi ya pili, majivu.
"Wafaransa hao," akasema shangazi toka mlangoni,
kana kwamba waliondoka juzi
na kodi ya chumba hawakulipa.

Kisha kiatu cha farasi kilicholiwa na kutu:
mashujaa wa msalaba mwekundu.
Waliingia wakiimba zaburi,
zaburi ilipokwisha wakauliza kisima kiko wapi.

Hapo sheria ikanisimamisha.
Bi Leocadia wa idara ya mambo ya kale
akashuka shimoni na brashi, magoti kwenye tope,
akainua shingo ya mtungi, kijani kama zeituni mbichi,
akasoma Kiarabu kidole kwa kidole:
"Baraka kamili kwa mwenye..."
Mwenye amevunjika.
Baraka imebaki, haina wa kumwendea.
Nao pia, siku ya kuingia, waliulizia kisima.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa wetu walitupa sisi jembe
kabla hawajashuka farasini.
Nasema "sisi".
Sijui damu yangu ilikuwa upande gani wa lango.

Siku ya tisa, bamba la marumaru
lenye mizabibu iliyochongwa kwa haraka,
kazi ya Wagothi, akasema Bi Leocadia, ya kanisa lao.
Tukaligeuza, watu wanne, tukihesabu moja mbili.
Mgongoni kulikuwa na maandishi mengine, ya zamani zaidi,
yaliyolala kifudifudi miaka yote hiyo:
Vibia Rustica, umri miaka saba.
Udongo usikulemee.

Baba yake labda alikuwa askari mzee,
mmoja wa waliopewa mashamba hapa kwa kustaafu.
Mashamba ya nani, jiwe halikusema.
Chini yake ni kokoto za mto tu, na mafiga matatu
ya watu ambao hawakuandika kitu.
Labda ndio waliouita mto Ana.
Waarabu wakatanguliza wadi yao, likawa Guadiana,
nasi tunalitamka kwa pumzi moja, tukitafuta ufunguo wa gari.

Mwezi wa tatu sasa shangazi anaoga kwa ndoo.
Halalamiki. Jioni huleta kiti,
humenya maharage ukingoni mwa shimo,
maganda ndani ya aproni, yasidondoke chini.

Jana nimeshusha mfuko wa saruji, kilo ishirini na tano,
nikaulaza juu ya bamba nipate kupumua.
"Uondoe hapo," akasema, hakuinua macho.
"Unamlemea mtoto."