Upindo

Kitambaa cha buluu, mita mbili na nusu,
kimekaa juu ya charahani tangu Mfunguo Sita.
Mkasi umekilalia.
Chini ya kibweta cha bobini
iko fomu ya Mwalimu Shaame, ina visanduku viwili:
atarudi skuli,
atasoma nyumbani kwa kishikwambi.
Tia vema pamoja, mzazi. Pamoja tu.

Mimi ni fundi. Nimepima nusu ya wanawake wa Wete,
viuno vyao navijua kuliko waume zao.
Lakini huyu Ilham wangu, miaka kumi na mmoja,
kila nikimzungushia futi
hurudi na namba nyingine.

Muhula uliopita alikosa siku thelathini na nane.
Nilizihesabu kwa pini, moja moja, kwenye mto wa sindano.
Damu yake ina mundu,
daktari alinichorea, zimepinda hivi.
Usiku wa maumivu hunishika mkono
asilie, ananiuliza mimi:
leo wamesoma nini?

Shemeji anapiga simu kutoka Fuoni:
"Mpe hicho kidude, dunia imebadilika."
Asya wa vitumbua, bila kuulizwa:
"Mtoto wa ndani ni muhogo wa kivulini,
majani tele, ukichimbua huna kitu."
Namwambia, Asya, unga wako unamwagika.

Basi tukajaribu wiki moja.
Umeme ulikatika mara tatu,
bando likaisha katikati ya mito ya Afrika,
na mwalimu wa kwenye kioo akaganda mdomo wazi
kama aliyeona jini.
Tulicheka mpaka mbavu zikamuuma, nikaogopa.

Lakini palikuja sehemu, robo na thumuni.
Mimi darasa la saba niliishia mlangoni.
Nikachukua kipande cha kanga, nikakunja mara moja,
mara mbili, mara tatu.
"Hii ndiyo thumuni?" "Ndiyo hiyo."
"Mbona darasani haikuwa hivi?"
Darasani wako sabini na nne.
Akaniambia kitu hakuwahi kunambia:
"Hiki hakinicheki nikiuliza mara mbili."
Nikaushika mkasi siku ile niuweke kabatini.

Alhamisi, baada ya adhuhuri,
nikamsikia anazungumza chumbani.
Kishikwambi kimezimwa, kimelazwa kifudifudi.
Yeye kakaa kitako na daftari, anaita majina:
Abrari Hamad. Nipo.
Faki Kombo. Nipo, kwa sauti nene ya Faki.
Mize Othman. Nipo, nipo, mwalimu, nipo!
maana Mize ndivyo alivyo.
Alipofika kwake alinyamaza.
Akaandika alama, akapita.

Usiku nililifungua lile daftari.
Mbele ya jina lake kachora kiduara
hakikufungwa.

Asubuhi, namsuka, nikamuuliza
kwa nyuma, nisimuone uso:
wewe wataka wapi?
Akafikiri nywele mbili nzima.
"Nikikaa nyumbani, Mize atakaa na nani?"
Kisha: "Na mguu ukiuma?"
Maswali yote mawili aliyaacha kwangu
akaenda kutafuta viatu.

Sijui, mwanangu.
Fomu inatakiwa Jumatatu, na mimi nimeitilia vema
kote kuwili, Mwalimu Shaame na anigombeze.
Akisema haiwezekani, nitamwekea siku zile kwenye meza,
pini thelathini na nane.

Na kitambaa nimekikata.
Mkasi ulisita pale penye goti, kisha ukaenda.
Nimeacha upindo wa vidole vinne, mpana, wa kizembe,
fundi mwenzangu akiuona atanicheka.
Utakunjuliwa akirefuka.
Na zile siku za kulala
atajifunika nayo miguu,
hii hii, ya buluu.